Wa Kulia na Wa Kushoto

Mwanatatu binti Ruwa wa Mtongwe alisoma chuo mpaka juzuu ya Amma, akaishia hapo. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Alifukuzwa kwa kumwigiza maalim anavyopiga chafya, na siku hiyo aliiga vizuri mno hata maalim mwenyewe akasema alhamdulillahi kabla hajagundua kuwa pua iliyopiga chafya si yake.

Skuli ya serikali hakuitia mguu. Lakini mikono alikuwa nayo. Viazi vyake vya karai vilijulikana kutoka Mtongwe hadi kivukoni Likoni. Watu walisema ukivinunua asubuhi vikiwa vya moto, uvuke feri uende zako kazini Changamwe, adhuhuri bado vinakuchoma mfukoni. Waliosema hivyo ni wateja wake. Mahasimu zake walisema kinachochoma ni pilipili, wala hakichomi mfukoni.

Alipofika miaka hamsini na mbili alikuwa ameachwa na waume wawili na kumwacha mmoja, na banda lake la mabati lilikuwa na kiti kimoja cha mgeni ambacho hakikukaliwa na mtu, maana mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Watu walisimama, wakala, wakasikiliza uongo. Alikuwa akiwaambia kuwa babu yake alioa jini wa Kisauni aliyefua nguo kwa ulimi, na ndiyo sababu kanzu za ukoo wao hazitakati mpaka leo. Walicheka, wakaongeza ukwaju, wakaenda zao. Uongo wa Mwanatatu ulikuwa kama kiazi chenyewe: ukimaliza umemaliza, hakuna anayerudi kesho kuuliza kilikuwaje.

Mpaka lilipokuja boksi la Matano.

Matano ni nduguye, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kuosha magari ya mtumba yaliyoshuka melini kutoka Japani, kwenye yadi moja huko Changamwe. Ndani ya magari yale alikuta mengi: miavuli, viatu vya watoto, na mara moja meno ya bandia, ambayo aliyachukua akayaweka kabatini ijapokuwa yake yote yalikuwa kinywani. Alisema ni akiba. Basi mwaka wa tisini na moja, nyuma ya kigari kimoja chenye honi ya kulia kama mbuzi, akakuta boksi la vitabu vinane vinene, picha tupu, na maandishi kama miguu ya kuku aliyepita juu ya unga. Mwenye yadi akamwambia atupe. Matano akamkumbuka dada yake, ambaye wiki hiyo alikuwa na kesi. Dada huyo alifungia viazi kwenye gazeti, wino ukahamia kwenye kiazi, na mteja mmoja karibu ale tangazo la tanzia la shemeji yake.

Kwa hiyo vitabu vilifika Mtongwe kama karatasi za kufungia, si zaidi. Siku ya kwanza Mwanatatu akakamata kile cha juu, akakichana tangu asubuhi. Kufikia alasiri kimebaki jalada, nalo akalifanya kifuniko cha bakuli la ukwaju. Ndipo akavuta kitabu kingine, akakifungua kama alivyofundishwa kufungua juzuu, kutoka kulia, ili akichane kesho. Jicho likamwangukia mwanamke aliyekuwa anafungua kidole chake mwenyewe kama mtu anayefungua bomba.

Hakukichana. Alikaa juu ya kile kiti cha tofali, mafuta yakaungua, viazi vikawa makaa, na mtu wa kwanza kuona moshi aliita watu wa kuzima moto.

Ulikuwa mji, na mji gani. Ghorofa zimepandana mpaka mawingu yanagonga madirisha kuomba njia. Mvua haikatiki. Watu wote wana tundu kisogoni, na kwenye tundu wamechomeka waya, kama pasi. Kupitia ule waya wakubwa wa mji wanakukodishia kumbukumbu zako mwenyewe: harusi yako, sauti ya mamako, mahali ulipoweka ufunguo. Ukikosa cha kutoa, wanachomoa, na unaamka asubuhi hujui kwa nini unalia. Mwanamke yule alikuwa na mtoto wa kike, na mtoto amekufa, na wakubwa wa mji wamemfungia mtoto ndani ya waya. Akitaka kumwona anatoa kiungo. Anatoa kidole, anapewa kicheko kimoja cha mtoto. Anatoa mkono, anapewa siku ya mvua waliyojificha wote wawili chini ya meza. Kila alichotoa wanamtilia chuma mahali pake.

Kwa vile mkono ule uling'aa, watu wa Mtongwe walimpa jina Kafedha. Jina lake la Kijapani hakuna aliyelijua, na hakuna aliyelihitaji.

Mwanatatu alivipanga vitabu saba vilivyobaki kwa kipimo cha chuma. Cha kwanza ni kile ambacho Kafedha ana kidole tu cha chuma, cha pili mkono, na kuendelea hadi cha saba ambamo kimebaki kichwa na roho. Kisha kila siku baada ya alasiri akafunua kitabu, kutoka kulia, akasimulia. Na hapo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika uongo wake wote. Watu walirudi. Walirudi na wake zao. Makuli waliotoka zamu bandarini walipita kwake kabla ya kupita nyumbani. Mbeyu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hakulia hata mumewe alipomletea mke mwenza siku ya Idi, alilia Kafedha alipotoa sikio. Alisema ni pilipili.

Tena hawakutaka mapya tu. Walitaka yale yale. Walimwambia rudia pale anapojificha chini ya meza, naye akarudia, na akikosea hata rangi ya mwavuli wanamsahihisha.

Sasa kulikuwa na Mwalimu Kioko. Huyu ni mtu wa bara, wa Ukambani, anafundisha msingi huko Likoni, amepanga chumba nyuma ya Mbeyu. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Kosa lake lilikuwa moja: alisoma sana. Jumapili moja aliazima kitabu cha tatu, akakirudisha Jumatatu na uso wa mtu aliyegundua mwizi.

"Shikamoo, Mama Karai. Hii kitabu mnashika kinyume."

"Marahaba. Hiki kitabu."

"Hiki kitabu mnashika kinyume. Mwanzo iko huku, kushoto."

"Mwanzo uko," akasema Mwanatatu, akigeuza kiazi. "Wewe Kiswahili chenyewe unakisoma kwa nyuma, utaniambia mimi kitabu?"

Watu wakacheka, lakini Mwalimu hakuondoka. Akafungua kutoka kushoto, akasimulia yeye. Na kwa Kioko mambo yalikuwa mengine kabisa. Mji ulianza ukiwa magofu, ukajijenga. Kafedha alianza akiwa chuma kitupu, na kila ukurasa akavuliwa kipande, akaota nyama, mkono ukarudi, kidole kikarudi. Akaulizwa, mbona namba za kurasa zinapungua badala ya kuongezeka? Mwalimu akajibu bila kupepesa kuwa hiki ni kitabu cha sayansi, na wanasayansi huhesabu kurudi nyuma, tatu, mbili, moja, ndipo roketi iruke.

Lo, watu waliipenda ile. Nani hapendi mgonjwa apone? Wiki haikwisha Mtongwe imegawanyika. Kulikuwa na wa kushoto, waliomfuata Mwalimu, na wa kulia, waliobaki na Mwanatatu, na kwa kweli hao walilia. Mume na mke walilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwa sababu ya Kafedha. Kinyozi mmoja alimnyoa mtu nusu kichwa, akamuuliza uko upande gani, na jibu lilipomchukiza akakunja taulo.

Siku moja, hadithi ikiwa kitabu cha sita, Mwalimu Kioko alikuja kununua viazi, akanyoosha kidole kwenye bakuli la ukwaju.

"Mama, hiyo kifuniko imeandikwa nane. Kwa hivyo vitabu ni nane, na vile nyinyi mnasoma, hadithi imekwisha kwa cha nane. Wewe uko na saba. Cha nane iko wapi?"

Makuli wakaacha kutafuna. Mwanatatu alitazama lile jalada lililolowa ukwaju, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokifungia viazi siku ile ya kwanza. Mwisho wa Kafedha ulikuwa umekwenda na pilipili na chumvi, vipande vipande, kwenye mifuko ya watu. Lakini mdomo wake haukuwahi kungoja kichwa.

"Ninacho," akasema. "Na wallahi, Ijumaa ijayo baada ya alasiri nitawapa mwisho. Nisipoutoa, vitabu hivi saba ni vyako, Mwalimu. Uvianzie hata katikati."

Alikuwa na siku tisa.

Mtu atauliza: mwanamke aliyemwoza babu yake jini, atashindwaje kutunga mwisho? Mbeyu alimuuliza hivyo hivyo. Mwanatatu akamjibu kuwa anaumwa na goti, jambo ambalo halikuhusiana. Hakumkumbusha kuwa mwaka wa sitini na tatu alizika mtoto wa miaka mitatu, Nyamvula, aliyechukuliwa na surua. Picha hawakuwa nayo, nani alikuwa na picha? Na miaka ya karibuni, akifumba macho amtafute, alikuwa akipata gauni tu, na ndani ya gauni hakuna mtu. Kwa hiyo alitaka kujua. Hakutaka kutunga, alitaka kujua kama Kafedha alimpata yule mtoto wake mzima, au wale watu wa waya walimla viungo bure. Na vitabu vikienda kwa Kioko, basi kila siku Kafedha ataanza na mtoto na kuishia bila kumhitaji. Hilo lilimuuma kuliko goti.

Akafunga banda, akazunguka nyumba kwa nyumba. Alisingizia kila kitu. Mahali pengine alisema karatasi zile zina sumu ya Kijapani, inaota nywele ulimini. Mahali pengine alisema zina dawa, na anazikusanya azichemshe. Mbeyu alikuwa nazo mbili, kazitandika chini ya godoro. Fundi cherehani alikata moja kwa kigezo cha mkono wa gauni, na nusu ya Mtongwe mwaka ule ilivaa mikono yenye umbo la ghorofa. Mbuzi wa Mzee Babu alikula tatu, na Babu aliapa kuwa tangu siku hiyo mbuzi hageuki ila kwa pembe mraba, anakwenda, anasimama, tiki, anageuka, tiki. Mwanatatu alimtazama yule mbuzi machoni kwa muda mrefu, akaona hapana, hizi hazitolewi.

Kufikia Alhamisi alikuwa na kurasa kumi na tisa zenye mafuta. Alizipanga kwa chuma, lakini katika kitabu cha nane chuma hakiongezeki tena. Na ya mwisho kabisa haikuwamo, hilo alilijua, maana hakuna iliyokuwa na utulivu wa mwisho. Ndipo Mbeyu akamkumbusha kwamba siku ile ya kwanza, mteja wa mwisho kabla karatasi hazijaisha alikuwa Mwalimu wa bara, viazi viwili, bila pilipili.

Kwenda kwa Kioko kulikuwa kama kumeza kiazi kizima. Alikwenda.

Alimkuta anasahihisha madaftari. Kwenye ukuta wa udongo, juu ya kitanda, pamebandikwa ukurasa. Mwanatatu alipotaka kuushika, Mwalimu akamsihi asiuguse, maana ulikuwa umezuia tundu la panya, na alikuwa ameugandisha kwa uji wa muhogo. Ukibanduliwa unatoka na ukuta. Kisha akasema kwa fahari kwamba huo ndio ukurasa wa kwanza wa hadithi yote. Huanza siku yake kwa kuutazama.

Mwanatatu hakubishana. Alikaa kitandani bila kukaribishwa, akatoa ukurasa mmoja katika zile kumi na tisa, wenye mzee aliyeshika bakuli la tambi.

"Nisomee huu. Kutoka kushoto kwako."

Mwalimu akavaa miwani. Picha ya kwanza kutoka kushoto, mzee ana bakuli tupu. Ya pili, tambi zinaning'inia mdomoni. Ya tatu, bakuli limejaa pomoni, na mzee amekonda, anatazama kwa njaa.

"Mwalimu, baba yangu," akasema Mwanatatu taratibu, "huyu mzee anakula, au anatapika?"

Kioko alitazama. Akageuza karatasi. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu. Kwanza mabega yalianza kutikisika, halafu shati lote lililopigwa pasi, na mwisho akacheka mpaka Mbeyu akagonga ukuta upande wa pili kuuliza kuna nini. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akamwambia amewafundisha watu nusu mwaka kwamba tambi hutoka tumboni.

Kisha wakapanga kurasa pamoja, yeye akisoma namba, Mwanatatu akisoma nyuso. Mwalimu hakumdai vitabu wala hakutaja ile ahadi. Walipofika ukurasa wa kumi na tisa, wa mwisho waliokuwa nao mkononi, Mwanatatu akausogeza karibu na macho. Kafedha amefika ndani kabisa ya waya, amebaki kichwa, na mtoto amegeuka anamtazama. Mtoto mzima, na uso wake wote. Amefumbua kinywa anasema neno, na neno lenyewe limeandikwa kwa miguu ile ya kuku, herufi tatu.

Ijumaa banda lilifurika mpaka watu wakakalia paa la jirani, na jirani akawa analia juu ya paa lake na chini ya paa lake. Wa kulia walisimama kulia, wa kushoto kushoto. Mwanatatu akasimulia kurasa kumi na tisa, na yale mapengo akayaruka wazi wazi, akasema hapa kuna watu walikula, hapa kuna mbuzi alikula, hapa sijui. Hawakuzoea kumsikia akisema sijui, wakatega masikio kama wako khutbani. Alipofika pale mtoto anapofumbua kinywa, mtu mmoja upande wa kushoto akauliza mtoto anasema nini.

"Anamwambia jina lake," akasema Mwanatatu. "Maana hilo ndilo mama yake alilokuwa hana. Anasema, mimi Nyamvula."

Mbeyu, ambaye mwaka wa sitini na tatu alishika upande mmoja wa sanda ndogo, aliinama kufunga kiatu, naye alikuwa pekupeku. Yule mtu wa kushoto hakuridhika. Akamgeukia Mwalimu, mtu wa vitabu, akamuuliza kama kweli ndivyo ilivyoandikwa.

Mwalimu Kioko, ambaye Kijapani alikijua sawa na yule mbuzi, alichukua ukurasa, akauinua mwangani, akazipitia zile herufi kwa kidole kutoka kulia.

"Ndiyo," akasema. "Jina imeandikwa hapa. Nyamvula."

Hakuna aliyemsahihisha Kiswahili siku hiyo.

Ukabaki ukurasa wa mwisho, na kwa kuwa ulikuwa umegandishwa ukutani, ikabidi Mtongwe yote iende kwa Mwalimu, watu wanne wanne, viatu nje. Ulikuwa ufuo. Juu ya mchanga umelala mkono wa fedha, umevuliwa, hauna kazi tena. Na kando yake nyayo za miguu ya nyama, kati ya mkono na maji. Basi. Hakuna mtu. Wa kulia wakasema amemaliza, ameacha chuma, ameingia baharini kumfuata mtoto. Wa kushoto wakasema hata kidogo, ametoka baharini mzima mzima, anakwenda zake nyumbani. Wakaambiana tazameni vidole vya nyayo vimeelekea wapi, ndiyo itaamua. Wakatazama. Uji wa muhogo ni mtamu, na mende wa Mtongwe hawalali njaa: kila unyayo ulikuwa umeliwa kidole kwa kidole, ukabaki kama yai.

Ubishi ule haukuisha Ijumaa ile, wala mwaka ule. Vitabu vilibaki kwa Mwanatatu, na banda likahamia mlangoni kwa Mwalimu, kwa kuwa wateja wote walikuwa huko. Mwalimu alilalamika mwezi mmoja, kisha akanunua mikeka. Mwaka wa tisini na saba bado watu walivuka feri kutoka Kisauni na Chaani, watu waliosikia habari hii kwa waliosikia, wakaingia kumtazama mwanamke asiyekuwapo, wakatoka wanazozana. Hadithi imekwisha miaka, vitabu havitaongezeka hata kimoja, na bado walikuja.

Na kila aliyetoka kule ndani alimuuliza Mwanatatu, aliingia au alitoka? Mwanatatu alimpima kwanza. Mwenye macho mekundu, aliyesimama muda mrefu mno mbele ya ule ukuta, alimwambia ametoka, mwanangu, ametoka na mtoto kamshika mkono, wako njiani. Aliyekuja na kidaftari anaandika, alimwambia aende akamuulize Mwalimu. Na yule anayeonja kiazi, akakirudisha, akasema cha leo hakina chumvi, huyo alimwambia amezama.